Viganja vya Bi Funguo

Kitasa kilimshinda asubuhi ya Jumanne, mbele ya watu.

Hakikuwa kitasa cha ajabu. Kilikuwa cha aina ile anayoifungua huku akisimulia mambo mengine, akiulizia watoto wa mteja na bei ya nyanya. Mwenye nyumba, mwalimu wa chekechea aliyetoka kumwaga maji mlango ukajibamiza nyuma yake, alisimama barazani na taulo kichwani. Ndani, sufuria ya maharage ilikuwa motoni. Bi Funguo alipiga magoti, akaingiza waya wake mwembamba kwenye tundu, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza siri.

Kazi hiyo haifanywi kwa macho. Ndani ya kitasa mna pini ndogo zilizopangwa mstari mmoja, kila moja ikikalia springi yake, na fundi huzisukuma kwa ncha ya waya mpaka kila moja ikae mahali pake. Pini ikikaa haionekani. Huhisiwa kwenye ngozi ya ncha ya kidole, kitu kidogo kuliko mpigo wa mshipa wa mtoto mchanga. Bi Funguo alikuwa ameishi kwa ngozi hiyo tangu baba yake alipomkabidhi banda, jiliwa la kubania chuma na tupa, akiwaacha kaka zake watatu wakinung'unika.

Asubuhi hiyo hakuhisi kitu ila moto. Ncha za vidole zilikuwa zimevimba na kung'aa kama zimepakwa mafuta. Ngozi ya kiganja ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, na kila alipoubana waya ilikuwa kama amebana kaa la moto.

"Maharage yanaungua, fundi," mwalimu alisema.

"Nina pua."

"Nasema tu."

"Usiseme. Ukikisemea kitasa, kinazidi kiburi."

Majirani waliokusanyika wakacheka. Yeye hakucheka. Alijaribu tena, akajaribu na tena, moshi ukaanza kupenya chini ya mlango, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kitasa kizima: alichukua tindo na nyundo, akakivunja.

"Kumbe hata mimi ni fundi," kijana mmoja alisema nyuma yake.

Bi Funguo alisimama, akamtazama mpaka kijana akaangalia viatu vyake. Kisha akakusanya vifaa, akakataa malipo, akaondoka akikanyaga kwa kingo za nyayo kama mtu anayevuka mchanga wa jua kali. Nyayo nazo zilikuwa zimeanza.

Alijua vizuri sana kilichokuwa kinamla mikono. Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

Mwanzoni mwa mwaka alikuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Ulipopona mshono, daktari alimwambia ugonjwa huenda umeacha mbegu, na kwamba mbegu hizo zitawindwa kwa vidonge vya kumeza nyumbani. Watu aliowaambia, nao walikuwa wachache, walimpongeza. Vidonge! Afadhali, si dripu, si kulazwa. Hata yeye alidhani amepewa kitu chepesi, mpaka alipofika dirisha la dawa na mfamasia, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti isiyopanda wala kushuka, akaanza kumwambia masharti.

Ameze asubuhi na jioni, mara baada ya kula, kwa maji, kidonge kizima. Asikisage, asikikate, asikitafune. Wiki mbili za kumeza, wiki moja ya kupumzika, kisha mzunguko mpya. Akisahau, aendelee na dozi inayofuata kwa wakati wake, asimeze mara mbili kufidia. Akitapika, asirudie. Vidonge vikae kwenye chupa yake, visichanganywe na vingine. Mtu mwingine asivishike kwa mikono mitupu, na mjamzito asivishike kabisa. Asinywe dawa nyingine yoyote, hata ya kuongeza nguvu, bila kuuliza. Na mdomo ukiota vidonda, tumbo likiharisha, homa ikipanda, viganja au nyayo zikianza kuwaka, apige simu siku hiyo hiyo. Namba mfamasia aliiandika kwa kalamu nene kwenye mfuko wa dawa.

Hayo yote aliambiwa amesimama, kiwiko cha mgonjwa wa nyuma kikiwa mbavuni mwake, huku kipaza sauti kikiita namba ya mtu mwingine. Alipouliza swali aliambiwa yote yamo kwenye karatasi.

Alikuwa na kichwa cha fundi. Hakuna sharti lililompita. Aliyafuata yote isipokuwa moja, lile la kupiga simu.

Sababu yake aliipata kwenye benchi la kliniki. Hapo alizoeana na mzee mmoja mvaa kofia, mchekeshaji, aliyekuwa anameza dawa kama yake. Siku moja mzee alitoka kwa daktari hana kicheko. "Wameisimamisha," alisema. "Eti mwili umekataa." Tangu siku hiyo kofia yake haikuonekana tena benchini, na hakuna aliyejua alikokwenda wala aliyetaka kuuliza. Bi Funguo alirudi nyumbani na hesabu moja kichwani: ukilalamika unanyang'anywa dawa, na ukinyang'anywa dawa unatoweka. Akaapa kwamba mwili wake hautasikika ukikataa kitu.

Kwa hiyo mikono ilipoanza kuwasha, alinunua glavu za pamba na kumwambia kila mtu ni kwa ajili ya vumbi la chuma. Mdomo ulipoota vidonda, alikula chakula kilichopoa na kusema meno yanamsumbua. Alipokwenda kliniki alipaka mafuta mazito viganjani na kuficha mikono chini ya mkoba. Daktari alimuuliza kama ana tatizo, akiwa anaandika. Akasema hana. Daktari akaendelea kuandika.

Siku simu yake ilipogoma kumtambua, ndipo alipotukana kwa sauti. Ilikuwa inafunguka kwa kidole gumba, na gumba lilikuwa limebanduka ngozi mpaka mistari yote imefutika. Fundi vioo wa banda la jirani, ambaye utani wake na Bi Funguo ulianza kabla wote wawili hawajaota mvi, alishika mbavu.

"Jamani! Anayefungua milango ya mji mzima kafungiwa nje na simu yake!"

"Cheka. Siku ukijikata koo na vioo vyako, mimi nitaleta ngoma."

"Nitakuachia wosia, shemeji, usijali. Lakini mkono huo una nini?"

"Una vidole. Wewe una nini?"

Alimwita shemeji ingawa hawakuwa na udugu wowote. Mzee huyo aliuona ule wekundu kabla glavu haijarudi mahali pake.

Nyumbani Bi Funguo aliishi na binti yake wa mwisho, ambaye tangu utotoni walimwita Kitinda. Kitinda alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe aliendesha lori la masafa, na alipokuwa njiani wiki kwa wiki, mke alihamia kwa mama yake, wauguzane, kama alivyosema, mmoja tumbo linajaa na mwingine tumbo limekatwa. Mama alimkaribisha kwa sharti moja: asikaribie kabati la dawa. Alilifunga kwa kufuli, na ufunguo ukakaa shingoni mwake. Alipotapika, alisafisha mwenyewe kwa glavu za mpira, akafua mashuka peke yake. Kwa usalama wa mjukuu ambaye hajazaliwa hakukosea hata mara moja.

Lakini kulikuwa na jambo jingine katika nyumba hiyo, la zamani kuliko saratani. Watoto walipokuwa wadogo, Bi Funguo alikuwa na sheria yake ya tiba: akiumwa mmoja, wanatibiwa wote. Mtoto mmoja akikohoa, wote walipanga foleni kwa kijiko cha dawa ya kifua. Mmoja akionekana na minyoo, dawa ilipondwa ikamwagwa kwenye uji wa sufuria nzima, anayejua na asiyejua. Mara moja kaka mkubwa aliumwa jicho, na nyumba nzima ikatiwa matone ya macho, pamoja na shangazi aliyekuja kusalimia tu. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha kila ndugu walipokutana. Hakuna aliyefikiri kwamba ilikuwa pia mafunzo.

Kila jioni Kitinda alimpelekea mama yake glasi ya juisi ya bitiruti, nyekundu na nzito.

"Ina ladha ya kufuli," mama alisema, akikunja uso.

"Kwako kila kitu kina ladha ya kufuli, mama. Kunywa."

"Nakwambia ina chuma."

"Wewe ndiye una chuma. Kunywa, damu ipande."

Akanywa, maana binti alisimama pale pale na tumbo lake mpaka glasi ibaki tupu.

Jioni ya siku ile aliyovunja kitasa cha mwalimu, habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yake. Kitinda alimkuta jikoni, ameshika kikombe cha chai kwa vifundo vya mikono, kama sungura.

"Mama, vua glavu."

"Habari za jioni na wewe."

"Vua."

"Nimekuzaa mimi au umenizaa wewe?"

 Kitinda aliushika mkono wa mama yake kifundoni, taratibu, akaivuta glavu. Haikutoka yenyewe. Ilitoka na kipande cha ngozi, na kikombe kikaanguka, na mama akapiga ukelele ambao hata yeye hakuujua.

Kiganja kilikuwa chekundu kama nyama, kimepasuka mahali pengi, na kwenye shina la kidole cha kati palikuwa na lengelenge lililofumuka.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuulizwa maswali na watoto."

"Mama, kwenye mfuko imeandikwa. Kwa kalamu nene. Imeandikwa mikono!"

"Najua kusoma!" Bi Funguo alipiga meza kwa kigasha, kwa kuwa kiganja hakingeweza. "Najua kusoma kuliko wewe! Nikipiga simu wataniachisha. Unataka waniachishe? Unataka mwanao amwone bibi yake kwenye picha?"

"Nataka amwone ana mikono."

"Ukimwambia mtu, Kitinda, ukimwambia mtu yeyote, mimi si mama yako."

Kitinda alichukua simu yake, akatoka uani na ule mfuko mtupu wa dawa uliokuwa umetundikwa msumarini, akapiga namba. Aliporudi alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Usimeze vya jioni hii. Twende kesho asubuhi, tubebe kila dawa iliyomo ndani ya nyumba. Homa ikipanda au ukiharisha mfululizo, twende usiku huu huu."

Mama alinyanyuka. Alitembea kwa kingo za nyayo mpaka kwenye kabati, akalifungua kwa ufunguo wa shingoni, akatoa chupa, akaingia chumbani mwake. Kitasa kikalia mara mbili.

Kitasa cha chumba hicho alikiweka mwenyewe. Alikuwa akijisifu kwa wateja kwamba kwa ufundi hakina mwenzake mtaani.

"Mama, usivimeze!"

"Nimeshakula. Nusu saa haijapita. Nafuata masharti!"

 Kisha Bi Funguo, ambaye alikuwa ameketi kitandani akihangaika kufungua kifuniko cha chupa kwa vidole visivyobana, alisikia kitu anachokijua kuliko jina lake: waya mwembamba ukiingia kwenye tundu.

Alisahau chupa. Alisikiliza. Pini ya kwanza. Ya pili ikateleza.

"Unasukuma mno!" alifoka. "Legeza mkono! Utaniharibia springi!"

"Basi fungua mwenyewe!"

"Sifungui! Na usikiinamie kwa tumbo hilo, kaa kitako!"

Nje, Kitinda alikaa kitako sakafuni, miguu ameitandaza, akilia na kutukana kwa zamu, akisukuma pini kama alivyofundishwa bandani akiwa darasa la tatu. Ndani, mama alifanikiwa kukifungua kifuniko kwa meno. Alikuwa amemimina vidonge vya jioni kiganjani, juu ya ile nyama mbichi, mlango ulipofunguka.

Binti aliinuka kwa kushika fremu, akamrukia mkono.

"Usiguse!" Bi Funguo alifumba ngumi na kuirudisha nyuma ya mgongo, uso umemtoka damu yote. "Usiguse, una mimba! Umerogwa? Rudi nyuma! Rudi nyuma kabisa!"

Wakatazamana, wote wawili wakihema.

"Kwa hiyo ni sumu," Kitinda alisema. "Mimi nisiiguse hata kwa kidole. Ila wewe umeze huku inakuchuna."

Ngumi ilikuwa inauma vibaya sana. Bi Funguo aliifumbua. Vidonge vilikuwa vimeshika unyevu wa kidonda, havifai tena kurudi kwenye chupa wala kumezwa. Alivitia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akaufunga fundo, akauweka pembeni wa kurudisha hospitali. Hakumeza vingine.

"Kitasa umekikwaruza," alisema. "Nitakuonyesha kesho. Sasa toka."

Asubuhi mfamasia mwenye miwani aliwaingiza kwenye chumba kidogo nyuma ya dirisha la dawa. Aliitazama mikono bila kuigusa, akamwambia avue viatu, akatazama nyayo.

"Tangu lini?"

"Si muda."

"Mama, nina foleni mpaka getini. Ngozi hii haikuchubuka jana."

"Tangu mzunguko uliopita."

"Na kliniki ulikuja ukasema huna tatizo."

"Mnanyang'anya watu dawa!" Sauti yake ilivuka mlango. "Mtu akisema anaumwa mnamsimamishia, anakwenda kufa kwake. Nimeona!"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Benchi lenu."

"Benchi halikusomea famasia." Mfamasia alivua miwani. Ilionekana alikuwa na hasira ya siku nyingi, iliyokuwa ikisubiri mtu. "Yaliyompata mgonjwa mwingine siwezi kukuambia, si yako. Yako ni haya. Ungepiga simu viganja vilipoanza kuwaka, daktari angekupumzisha kidogo, akapunguza kipimo, ungeendelea na matibabu. Kupunguziwa kipimo ni jambo la kila siku hapa. Sasa umekuja umechubuka hivi, utakaa bila dawa mpaka ngozi ijifunge, na sijui ni lini. Hiyo dawa hujanyang'anywa na sisi."

Neno hilo lilimwingia Bi Funguo mahali pabaya.  Akasema, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko ile ya juu:

"Na nyinyi? Mlinipa kitu ambacho binti yangu haruhusiwi kukigusa, nikakilinde nyumbani, peke yangu, bila nesi. Maelezo yake nilipewa nimesimama, kama nanunua vocha. Nikauliza, nikaambiwa nisome. Daktari ananiuliza hali yangu anaangalia kalamu. Mikono hii ilikuwa chini ya mkoba. Hakuna aliyesema, mama, hebu toa mkono. Hakuna hata mmoja!"

 Mfamasia alivuta kiti akakisukuma mbele ya Bi Funguo.

"Kaa," alisema. "Tuanze upya. Nataka kuona kila kitu unachokunywa."

Kitinda alimwaga mkoba mezani. Dawa ya gesi. Dawa ya kichwa. Mafuta ya kuchua. Mfamasia aliviangalia kimoja kimoja, akauliza, akaweka kando. Mwisho alishika kopo la vidonge vyekundu.

"Na hivi?"

"Hivyo ni vyangu," Kitinda alisema. "Vya kliniki ya wajawazito. Vya kuongeza damu."

"Sawa. Yeye hajavimeza?"

 Nje kipaza sauti kiliita namba, kikaita tena.

"Dada, nimekuuliza. Yeye hajavimeza?"

"Alikuwa mweupe mpaka midomoni," Kitinda alisema, akiangalia kopo. "Ningempa mkononi angekataa. Nilikuwa naviponda kwenye juisi."

"Vingapi?"

"Viwili. Siku nyingine vitatu, akionekana mchovu."

Bi Funguo aligeuka polepole. "Ile ladha."

"Mama..."

"Nilikwambia ina chuma. Ukaniambia mimi ndiye nina chuma. Ukasimama pale kuhakikisha nimemaliza." Alimnyooshea kidole. "Umenitegea kwenye juisi. Kama panya!"

"Nani alitutegea sisi kwenye uji?" Kitinda naye alilipuka. "Nani alituponda dawa ya minyoo sufuria nzima? Nani alimtia shangazi matone ya macho, hata hajakaa? Nimeyajulia wapi mimi haya?"

Mfamasia alingoja mpaka wakaishiwa pumzi. Kisha akaeleza, akimtazama mmoja na kumtazama mwingine. Ndani ya vidonge vile vyekundu, pamoja na madini ya chuma, kuna asidi ya foliki. Kwa mjamzito ni kitu cha lazima, asiache kumeza. Kwa mtu anayemeza dawa ya aina ya Bi Funguo, foliki inaweza kuitia dawa ukali ikamuumiza zaidi ya ilivyokusudiwa. Hakuweza kuapa kwamba ndiyo iliyomchuna, kwa kuwa dawa yenyewe huchuna viganja hata vya wasiokunywa kingine. Lakini ilikuwa imeongezwa gizani, na daktari alikuwa anapima mwili ambao hajui umetiwa nini.

"Kila mmoja wenu alimficha mwenzake," alisema, "na wote wawili mkatuficha sisi. Mimi nitibu nini hapo?"

Siku hiyo walimpima damu, daktari akamsimamishia dawa kwa muda, akaandika mafuta ya kulainisha ngozi na tarehe ya kurudi. Safari hii alitazama mikono yote miwili, mbele na nyuma.  Bi Funguo alikaa siku kadhaa bila kumsemesha binti yake ila kwa mambo ya kazi, kwa kuwa banda lilikuwa lazima lifunguliwe na yeye hawezi kushika tupa. Kitinda alikaa kwenye kigoda, tumbo limegusa jiliwa, akichonga funguo, na mama alisimama nyuma yake na viganja vilivyopakwa mafuta vikiwa vimenyanyuliwa juu kama mtu anayesalimu amri.

"Umekata ndani mno. Huo unafungua jeneza, si mlango."

"Nipe mwingine, basi."

"Chukua. Na leo juisi najitengenezea."

Fundi vioo alikuja na sura ya msiba. "Mficha maradhi, shemeji," alianza, "kifo..."

"Ukiimaliza hiyo methali nakupiga na bawaba. Methali haijaniponya hata kucha."

"Nilikuwa nataka kusema pole."

"Basi sema pole uondoke."

Akasema pole. Hakuondoka, alishika mlango ulioletwa na mteja, ili Kitinda asiinue kitu kizito.

Ngozi ilijifunga taratibu, kwanza kwenye nyayo. Dawa ilirudishwa, kipimo kimepunguzwa. Bi Funguo alimeza vidonge vya kwanza kwa woga asiotaka kuuonyesha, maana kipimo kidogo alikiona kama nusu ya nafasi, na alimwambia daktari hivyo usoni. Daktari alimjibu kwamba dozi anayoweza kuimeza mpaka mwisho ina faida kuliko kubwa atakayoishia nayo njiani. Hakumwamini sana. Alimeza hivyo hivyo, baada ya kula, kwa maji, na chupa ikarudi kwenye kufuli.

Katikati ya mzunguko wa kwanza wa kipimo hicho kidogo, adhuhuri, banda likiwa na wateja, alikuwa anajaribu ufunguo mpya kwenye kufuli la dukani aliposikia kitu chini ya ngozi ya kidole cha shahada. Hakikuwa maumivu. Joto dogo tu, kama kidole kimesogezwa karibu na taa.

Alivuta glavu, akatazama. Palikuwa na wekundu usiozidi sarafu. Angeweza kuurudisha ndani ya glavu na hakuna ambaye angejua, si Kitinda, aliyekuwa ameinamia jiliwa, si mwanamke mwenye haraka aliyesimama mbele yake akigonga meza kwa kucha. Alisimama na mkono wake hivyo kwa muda mrefu kuliko mteja alivyopenda.

"Fundi, vipi, tunangoja nini?"

Bi Funguo alikuwa ameshatoa simu na kubonyeza namba za siri kwa gumba.

"Ngoja," alisema. "Napiga hospitali. Nina saratani na dawa yangu imeanza kunichoma kidole." Banda lilinyamaza, tupa ya Kitinda pia. "Halo? Ni mimi, wa funguo. Mlisema nipige hapo hapo, haya, nimepiga. Hapana, sina homa. Tumbo zuri. Mdomo mzima. Kidole kimoja, mkono wa kulia, tangu sasa hivi. Nimesema sasa hivi! Nishikilie? Nishikilie mpaka lini, nina wateja hapa."

Alikunja uso, akabana simu kwa bega, akashikilia.